Mazutu ya Gaston

Bukavu ya miaka ile ilijaa watu waliopenda gari kuliko walivyoijua. Jumamosi, salongo, ile kazi ya lazima ya umma, ikiisha, walizishusha gari zao hadi ukingoni mwa ziwa, wakazisugua kwa sabuni mpaka unaona meno yako kwenye mlango. Ukiwauliza mafuta ya injini yalibadilishwa lini, watakuonyesha tairi. Apollinaire, fundi mwenye karakana nyuma ya soko la Nyawera, alikuwa akisema gari za mji huu zinaoga kila wiki na zinakunywa maji machafu mwaka mzima. Hakuchagua wa kumwambia. Mkubwa mmoja wa chama aliambiwa, mbele ya mlinzi wake, kwamba Mercedes yake haitaiona Pasaka, akacheka, na kesho yake akaileta kimya kimya ifanyiwe vidanje, yaani mafuta ya zamani yamwagwe na kutiwa mapya. Mtu mmoja tu Apollinaire hakuwahi kumwambia neno. Alikuwa baba mkwe wake, na ndiye aliyehitaji kuambiwa kuliko wote.

Mzee Venant alikuwa mkurugenzi wa shule ya msingi huko Nyangezi, mstaafu, mtu wa kanzu ya Jumapili na kofia iliyonyooshwa. Peugeot 404 yake aliinunua mwaka wa 1970 kwa mlowezi mmoja wa kahawa aliyekuwa akirudi kwao, na ili kuinunua aliuza ng'ombe wake wote, pamoja na wale sita ambao Apollinaire alikuwa amewatoa mwaka uliotangulia kumwoa Françoise. Kwa hiyo ng'ombe wa Apollinaire walikuwa wakinguruma ndani ya injini ile, na wenzake wa karakana hawakukosa kumtania. Kwenye karatasi za serikali yeye alikuwa raia Murhula, maana majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa nchini, lakini pale ukweni hakuna aliyezijali karatasi. Alikuwa Apollinaire, au mukwe.

Sasa, mzee Venant aliitunza gari yake. Hilo asinyimwe. Kila asubuhi alifungua boneti, akatoa kijiti cha kupimia mafuta, akakifuta kwa kitambaa chake mwenyewe cha mfukoni, akakichomeka tena, akakitazama kwa miwani. Mafuta yakipungua, aliongeza kikombe. Lakini kuyamwaga ya zamani na kutia mapya, hakuwahi. Aliona ni uharibifu wa mtu asiyejua njaa. Mafuta, alisema, hayazeeki kama binadamu, na siku hizo mafuta ya injini yalikuwa adimu Zaïre nzima. Akaongeza kikombe juu ya kikombe kwa miaka saba.

Apollinaire alikiona kijiti kile siku moja, mwaka wa 1974, alipokwenda kusalimu. Kilichoning'inia pale hakikuwa mafuta tena, kilikuwa lami. Akarudisha macho chini, akasifu rangi ya gari. Kwa Bashi, watu wa huku, mkwe hamkatalii baba mkwe mbele ya watu, wala hamwambii kasoro ya kitu chake. Husema ndiyo. Kesho yake mkewe hulichukua jambo, hulipenyeza kwa mama yake, na mama hulipenyeza kwa mzee taratibu, mpaka mzee aamke siku moja akidhani ni wazo lake mwenyewe. Ni njia ndefu lakini hufika. Françoise alitumwa, akaenda, na mama yake akamjibu kwamba mambo ya chuma wayamalize wanaume wenyewe. Jambo likaishia jikoni, na Apollinaire akashukuru kimoyomoyo kwamba alikuwa amejaribu.

Basi ikawa Juni ya 1977, kiangazi, vumbi hadi kwenye uji. Jumamosi moja baada ya salongo, Peugeot ikaingia karakanani, mzee Venant usukani, na kando yake Gaston.

Huyu Gaston alikuwa jirani yake Venant na rafiki wa tangu utoto. Walibatizwa siku moja, wakaoa mwaka mmoja, na kanisani walikuwa na benchi lao upande wa kushoto ambalo hakuna mtu mwingine aliyethubutu kulikalia. Alikuwa ameendesha lori la kiwanda cha chai kwa miaka thelathini, na tangu alipostaafu alikuwa na tabia ya kuwafundisha watu namna ya kuishi na injini. Alijua alichokisema. Kwenye kiwanda, akaeleza akiwa bado hajashuka, mafuta yalimwagwa kila mwezi bila kukosa, na kila mara ya tatu injini ilioshwa tumbo: unatia mazutu, yale mafuta ya dizeli ya malori, uyachanganye na mafuta ya injini nusu kwa nusu, uiache ingurume polepole robo saa, umwage yote, ndipo utie mapya. Lori lake lilidumu miaka kumi na minne kwa dawa hiyo. Alikuwa amemshawishi Venant wiki nzima, na Venant, mbishi yule, hatimaye akakubali. Mpwa wa Venant alikuwa amemletea mkebe wa mafuta mapya kutoka Bujumbura, nao ulikuwa kwenye kiti cha nyuma, umefunikwa kwa blanketi kama mtoto mchanga.

Wabeba mizigo wa sokoni wakasogea kutazama. Venant akasimama katikati yao, akawaambia kwamba mkwe wake hashindwi na injini, wazungu wenyewe walimwachia funguo za gari zao. Kisha akamgeukia.

"Mukwe, Gaston anasema tuioshe na mazutu. Wewe njo fundi. Unasema je?"

Watu wote wakamtazama Apollinaire. Aliuona mkebe, akaiona miwani ya mzee, akayaona meno ya wale wabeba mizigo.

"Ndiyo, papa," akasema. "Iko muzuri."

Wazee wakaondoka kwenda sokoni kununua chumvi na sambaza, wale dagaa wa ziwani. Walisema watarudi baada ya saa moja. Saa ile moja Apollinaire alikuja kuirudia kichwani mara nyingi kuliko sala yoyote aliyofundishwa.

Maana alijua. Dawa ya Gaston ni nzuri kwa injini iliyozoea kumwagwa mafuta. Ile iliyokaa miaka saba haioshwi kwa siku moja. Uchafu wake umeganda pembeni, umetulia. Ukiuamsha wote kwa pamoja, unateremka na kuziba chujio la pampu, na injini inakauka huku imejaa mafuta mapya. Ya namna hiyo hufunguliwa sinia lake la chini, lile mafundi wanaloliita karteri, uchafu ukachotwa kwa kijiko na kupanguswa kwa kitambaa, halafu ikatiwa mafuta, ikaendeshwa siku chache, yakamwagwa, ikatiwa tena. Ni kazi ya subira tu. Angeweza kuianza pale pale. Alikuwa na funguo, alikuwa na shimo, na kiwambo cha karatasi cha kuzibia karteri angekikata kutoka kwenye katoni ya sabuni, jinsi alivyokwisha kufanya mara mia.

Lakini wazee wakirudi wangekuta nini? Wangekuta karteri chini, imejaa tope jeusi la miaka saba, na wabeba mizigo wamelizunguka wakishika pua. Kumfungulia baba mkwe sinia lile mbele ya rafiki yake ilikuwa sawa na kumfunua shuka. Hivyo ndivyo alivyojieleza. Tuseme na la pili, ambalo alichelewa kulikubali: aliyapenda yale maneno ya kwamba hashindwi. Akasimama na ufunguo mkononi kwa muda, akauweka chini, akaenda kuleta mazutu.

Iliponguruma na mazutu tumboni, ilinguruma vizuri kuliko siku zote. Yaliyomwagika yalikuwa meusi, mengi, na Gaston aliporudi akayachungulia kwa furaha ya daktari. Mkebe wa Bujumbura ukafunguliwa. Venant akawasha, akasikiliza, akamshika Gaston bega na kumwambia kwamba amemrudishia gari ya mwaka wa sabini. Wakaondoka wakicheka. Apollinaire akawapungia mkono mpaka walipokata kona, akajiambia kwamba injini nyingi hupona, ya Mungu mengi.

Ilikufa Jumanne. Venant alikuwa akiwarudisha wanawake watano wa kijiji kutoka sokoni, na kwenye mlima wa mwisho kabla ya Nyangezi injini ikaanza kugonga, ikapiga kelele mara moja, ikashikana. Wanawake wakashuka na vikapu vyao wakamalizia kwa miguu. Apollinaire alikuja na lori la rafiki na kamba, akaivuta mpaka uwanjani kwa mzee, akalala chini yake na kuifungua ile karteri ambayo angeifungua Jumamosi. Chujio lilikuwa limezibwa kabisa, jeusi, limeshindiliwa. Bieli moja, ule mkono unaoishika pistoni, ilikuwa imekatika na kutoboa ubavu wa injini. Hata kama vipuri vingekuwepo nchini, na havikuwepo, ile haikuwa ya kupona.

Venant alikuwa amesimama pale juu. Apollinaire aliviona viatu vyake tu.

"Nini njo imeiua?" mzee akauliza.

Fundi alitafuta neno lisilo uongo. "Mazutu imesukuma uchafu, papa," akasema kutoka chini ya gari.

Ilikuwa kweli, nusu yake. Na nusu ya ukweli ina miguu: ilitoka uwanjani pale, ikavuka migomba, ikaingia nyumbani kwa Gaston kabla jua halijatua. Mazutu ilikuwa ya nani? Ya Gaston. Venant alikwenda mwenyewe kumwambia, kwamba amemuulia gari kwa mdomo wake wa dereva, na kwamba asikanyage tena kwake.

Apollinaire alisikia habari hizo kwa Françoise, akadhani ni hasira za wiki moja. Wazee hukasirikiana. Jumapili iliyofuata Venant alihamia benchi la kulia, na benchi la kushoto Gaston akalikalia peke yake, na hakuna aliyethubutu kumsogelea kwa sababu lilikuwa lao wawili. Gaston akamtuma mkewe, Monique, na kuku. Kuku akarudishwa, miguu bado imefungwa. Mvua za Septemba zilipoanza, Gaston akaenda mwenyewe, akabisha, akasimama mlangoni na maji yakimtiririka kofiani. Venant alikuwa ndani na hakufungua. Jambo hilo lilizungumzwa Nyangezi nzima, watu wakishangaa jinsi chuma kinavyoweza kukaa katikati ya ndugu.

Mwezi wa Novemba Gaston alipanda lori la mihogo mpaka Bukavu, akaja karakanani. Alikuwa amekonda. Alikataa kiti. Akauliza swali lake akiwa amesimama, akiuliza kwa heshima, mtu mzima kumwuliza aliye umri wa mtoto wake.

"Fundi, sema kweli. Ni miye njo niliua gari ya Venant?"

"Hapana, papa Gaston. Moteri ilikuwa imeshachoka na uchafu. Miye njo nilipashwa kukataa."

Gaston akatikisa kichwa polepole, na sura yake ikafunguka. Hakumlaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililomkaa Apollinaire kifuani baadaye. Alimwambia tu: basi umwambie. Mimi akiniona hanisikii, wewe atakusikia. Apollinaire akaapa kwamba Noeli wangekwenda ukweni familia nzima, na atasema. Gaston akamshukuru mara mbili, akarudi stendi ya malori akitembea kama mtu aliyepona.

Noeli wakaenda. Nyumba ilijaa watu, kasiksi, pombe ya ndizi, ikamiminwa, na Venant akamkalisha mkwe wake kando yake na kumkatia nyama kwa mkono wake mwenyewe. Utamwambiaje mtu jambo kama lile, na nyama yake imo mdomoni mwako? Akasema atasubiri Pasaka. Pasaka mama mkwe alikuwa mgonjwa. Agosti kulikuwa na ubatizo wa mtoto. Apollinaire aliyewaambia wakubwa wa chama ukweli wa mafuta yao alifika Nyangezi mara saba, na mara saba akarudi na ukweli wake mfukoni. Kila aliporudi alipita mbele ya ua wa Gaston, na mzee yule alisimama akamtazama usoni, akitafuta jibu, kisha akainua mkono kumsalimu. Mara ya mwisho hakusimama. Aliinua mkono tu kutoka kitini.

Mwezi wa tatu wa 1979 Gaston alishikwa na mapafu, siku tisa, akafa. Venant hakwenda matangani. Siku nzima ya mazishi alikaa nyuma ya nyumba yake akichonga miti ya uzio, miti mingi kuliko uzio uliokuwepo, na nyimbo za watu zilipopita njiani hakuinua kichwa. Lakini mama mkwe alimwambia Françoise kwamba tangu siku ile mzee alikuwa hamalizi chakula.

Ndipo Apollinaire alipomweleza mkewe yote, na kumwomba alibebe jambo lile kwa mama yake, kama desturi ilivyo. Françoise alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamjibu kwamba desturi ile ni ya kupeleka jambo likiwa bado na pa kwenda. Hili alipeleke mwenyewe.

Akaenda, Alhamisi, peke yake. Mzee alikuwa kibarazani. Ile Peugeot ilikuwa bado uwanjani, kuku wakiingia na kutoka kwenye dirisha lake. Apollinaire hakukaa. Alivua kofia yake, na kwa mara ya kwanza tangu alipooa akamtazama baba mkwe wake usoni.

"Papa, haikuwa kosa ya papa Gaston. Dawa yake iko ya kweli, kwa moteri yenye kuzoea vidanje. Yako ilikuwa na miaka saba. Nilipashwa kuifungua chini, niitoshe uchafu na mukono. Nilijua, na nikasema ndiyo."

"Ulijua mbele ya kuweka mazutu?"

"Mbele ya kuweka, papa."

"Na juu ya nini haukusema?"

"Juu watu walikuwa pale. Na juu uko papa yangu."

Venant alivua miwani. Aliishika magotini, na Apollinaire akangoja hasira, aliitamani hasa, lakini haikuja. Mzee alipozungumza sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayejisemea.

"Ile gari ningekusamehe ile siku ile ile. Ni chuma. Lakini Gaston alinitumia kuku, nikairudisha. Alisimama mu mulango yangu na mvua, nikamusikia akikohoa, sikufungua. Sasa hiyo njo nitaipeleka kwa nani?"

Apollinaire akalia. Alilia wazi, mwanaume wa miaka arobaini, mbele ya baba mkwe wake, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Alipomaliza, mzee alikuwa ameingia ndani na kutoka na kofia yake iliyonyooshwa na fimbo. Akashuka kibarazani bila kusema anakokwenda, na mkwe wake akamfuata nyuma, hatua tano, wakavuka migomba kwa njia ambayo majani yalikuwa yameifunika.

Penye ua wa Gaston, Apollinaire akaharakisha, akamfikia. Aliomba aingie yeye kwanza. Alisema aachiwe amwambie mama Monique kwa mdomo wake, kwamba kosa ni lake, angalau hilo.

Venant alisimama. Hakugeuka kabisa.

"Hapana. Miaka mbili ulinyamaza juu ya kuniheshimu. Na leo niheshimu vile vile."

Akaingia. Mlango ukabaki wazi, na Apollinaire akiwa njiani alisikia kila neno. Alimsikia mzee akimwambia Monique kwamba alimsingizia mumewe. Kwamba injini iliuawa na ubishi wake yeye Venant, wa kutomwaga mafuta miaka saba. Kwamba Gaston alimpa shauri jema na yeye akamlipa kwa mlango uliofungwa. Monique akauliza kwa sauti iliyochoka nani amemjulisha hayo leo, baada ya wakati wote huo. Mzee akajibu kwamba amefikiri mwenyewe. Halafu Monique akaanza kulia, na Venant akalia naye, na kiti kikavutwa sakafuni.

Baadaye Monique akamwona mtu amesimama njiani na kofia mkononi. Akasema yule si ndiye mukwe wako, mwambie aingie basi, akunywe hata maji.

"Umuache," Venant akasema. "Yeye amenisindikiza tu."